Nilikuwa natafuta Shirati Jazz nikapata Coltrane. Hizi jazz ni ndugu ama ni jina tu?

tuktuk_nyalenda

Wadau habari za jioni. Niko Kisumu, naendesha tuktuk, asubuhi Nyalenda kuelekea mjini na jioni nabeba mama wa samaki kutoka Dunga. Kuna kitu iko kwa roho yangu kama miezi minane sasa na hapa steji hakuna mtu naweza muuliza akanielewa, ndio naileta hapa.

Baba yangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa mtu wa muziki sana, si wa kupiga, wa kusikiliza, na alituachia katoni moja ya santuri, zile ndogo za 45. Nyingi ni Shirati Jazz ya D.O. Misiani na Victoria Jazz ya akina Ochieng Nelly na Collela Mazee, halafu OK Jazz kadhaa. Gramafoni yake iliharibika nikiwa bado praimari kwa hivyo hizo santuri mimi nazijua kwa macho tu, nazijua kwa rangi ya karatasi ya katikati. Sasa usiku moja nimeegesha nangoja abiria nikasema wacha nitafute hizi nyimbo kwa simu nisikie kile mzee alikuwa anasikia. Nikaandika jazz, na kabla sijafika kwa Shirati simu ikaniletea picha ya jamaa mweusi, picha yenyewe haina rangi, anaangalia kando uso umekaza kama mtu anangoja majibu ya hospitali. Nikabonyeza.

Ikaanza na kitu kama upatu mkubwa umegongwa, halafu besi ikaingia, noti nne, noti nne, noti nne, haitoki hapo, na juu yake saksafoni. Nilikaa kwa hiyo tuktuk nusu saa na zaidi mpaka ikaisha yote, abiria wawili walinipita wakachukua boda. Baadaye ndio nikasoma kwamba ni John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, kwamba hiyo kazi inaitwa A Love Supreme na walirekodi siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, watu wanne tu, na kwamba alikuwa ameacha heroini mwaka wa 1957 na hii ilikuwa shukrani yake kwa Mungu. Hayo yote sikuyajua wakati nasikiliza lakini nilikuwa nimeshasikia ni maombi.

Tangu hiyo siku naiweka kwa tuktuk. Wengine wanasema dereva weka ohangla, naweka, sina ubaya na mtu. Lakini kuna mama mmoja wa omena, wa makamo hivi, alinyamaza kutoka Dunga mpaka karibu tufike Jubilee halafu akaniambia kijana, huyu anayelia na pembe, hebu mrudishe kutoka mwanzo. Nikamrudisha. Akashuka bila kuongeza neno lingine.

Shida ni kwetu nyumbani. Ndugu yangu mkubwa anasema nimeacha katoni ya mzee inakula vumbi nimekimbilia muziki ya hoteli kubwa za Nairobi, kitu haina maneno, haichezeki, haituhusu. Hiyo iliniuma juu mimi nilianza safari yenyewe nikimtafuta baba. Kwa hivyo swali langu ni hili, hii jazz ya Coltrane na Miles Davis yule wa tarumbeta, na hii jazz imeandikwa kwa santuri za baba, kuna damu yoyote kati yao ama watu wetu walichukua jina tu? Nikimjibu ndugu yangu nataka iwe ukweli, sitaki kumshinda kwa maneno.

Mzee_wa_Santuri

Kijana pole kwa kumpoteza mzee. Mimi niko Nakuru huku Section 58, nimekusanya santuri tangu nikiwa karani kijana na swali lako nimelijadili na watu usiku mzima mara nyingi.

Jina kwanza. Kwa bendi za huku kwetu neno jazz lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa, magitaa, ngoma, na kama mna pesa basi tarumbeta na saksafoni. Upande wa Tanganyika walikuwa na Dar es Salaam Jazz Band toka miaka ya 1930, baadaye zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz ile ya Mbaraka Mwinshehe. Kule Congo akina Franco walianza OK Jazz mwaka 1956 hapo Léopoldville, Kinshasa ya leo, na hiyo OK ni jina la baa walikokuwa wanapiga, baa ya Oscar Kashama. Kile kilichokuwa kinapigwa mle ndani ni rumba, ngoma iliyovuka bahari na watumwa ikaenda Cuba ikarudi kwa santuri. Kwa hivyo ukiniuliza kama Misiani alikuwa anapiga jazz ya New Orleans, ule mji wa Marekani jazz ilikozaliwa, nitakuambia hapana.

Lakini pia usikubali mtu akuambie jina lilikuwa tupu. Wale vijana walikuwa wameisikia ile sauti na walijua inatoka kwa watu weusi waliovaa suti na kupanda jukwaani bila kuinamisha kichwa, na walitaka kuitwa hivyo. Angalia Manu Dibango wa Cameroon, huyo jazz ya Marekani aliila akiwa mwanafunzi Ufaransa, halafu akaja akapiga saksafoni ndani ya African Jazz ya Kabasele, ile bendi kubwa ya Congo. Sasa huyo utamweka upande gani? Oktoba 1960 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazz wa Marekani, alifika Léopoldville mwenyewe na watu wakambeba juu kwa juu akiwa amekaa kwa kiti kama mfalme. Na Hugh Masekela akiwa kijana Afrika Kusini alipigia tarumbeta iliyotumwa na huyo huyo Armstrong kutoka Marekani. Hizo ni barabara, watu walizipita kwa miguu yao.

Halafu hizo santuri usiziache na vumbi tafadhali. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na ziwe mbali na jua, hapo Kisumu joto litazipinda.

Gitaa_Kondele

Mkubwa wa Nakuru nakuheshimu lakini hapa naomba nipinge kidogo. Mimi napiga solo kwa bendi ya benga, muziki ule ule wa Misiani, hapa Kondele mwaka wa kumi na moja sasa, na nimechoka kusikia benga inatafutiwa baba ng'ambo ndio ipate heshima.

Benga ilitoka kwa nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, jathum anakaa chini, kidole cha mguu kimevaa chuma tunaita oduong'o anagonga nacho kwa mti wa nyatiti, mguuni amefunga gara zinalia, na juu ya hayo yote anaimba. Mtu mmoja lakini ukifumba macho utasema ni watu watatu. Wakati magitaa yalifika huku vijana walihamisha vidole vya nyatiti wakaviweka kwa nyuzi za gitaa, ndio maana gitaa ya benga haipigwi kwa kupaka nyuzi zote pamoja, inadona noti moja moja kwa haraka, na besi inaruka haikai chini. Hapo Miles Davis anaingilia wapi?

Halafu jazz ina kodi za gitaa, zile noti zinapigwa pamoja, kama msitu, kila sekunde mkono unahama. Sisi tuna kodi tatu na tunajua tunafanya nini nazo. Omera wa tuktuk penda Coltrane, hakuna mtu atakukataza, mimi mwenyewe nimemsikiliza na yule jamaa anapiga mpaka unaogopa. Ila usimwambie ndugu yako kwamba Shirati Jazz ni mtoto wa New Orleans. Ni mtoto wa hapa hapa, ziwani.

Baragumu_Vihiga

Mulembe wadau. Nimesoma yote na naona mmeacha mlango mmoja, matanga.

Mimi napiga kornet kwa bendi ya Jeshi la Wokovu huku Vihiga tangu nikiwa darasa la sita. Watu wa magharibi mnajua, huku hakuna mazishi ya maana bila bendi, tunapokea jeneza pale barabara ya lami tunatembea nalo mpaka boma, tenzi zinaenda polepole sana, tuba inavuta kama mtu anabeba mzigo, mama zetu wamevaa nguo nyeupe na hakuna anayeharakisha. Tukishafukia kaburi mambo yanabadilika. Wajomba wanataka kitu cha kuwainua, na ukiwa upande wa Kakamega kwa Waisukha na Waidakho utasikia isukuti zinaanza, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na wazee waliokuwa wanalia saa moja iliyopita sasa wanatingisha mabega. Isukuti UNESCO waliiandika mwaka 2014 kwa zile turathi zinazohitaji kulindwa haraka.

Sasa miaka minne iliyopita mtu alinitumia video ya mazishi ya New Orleans. Nilikaa kwa kitanda nikashindwa kuongea. Bendi ya tarumbeta, watu weusi, wanaenda makaburini na wimbo wa kanisa wa polepole, tuba inavuta vile vile, halafu wakishamuaga marehemu ngoma inabadilika wanarudi wakicheza na mji mzima unafuata nyuma, hao wanaofuata wanaitwa second line. Mimi sijawahi kuvuka hata Namanga lakini hiyo video niliitambua kama boma letu.

Na Louis Armstrong mnajua alipataje kornet? Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, mkesha wa mwaka mpya kuingia 1913 akapiga bastola hewani barabarani, wakamshika wakampeleka nyumba ya kurekebisha watoto weusi hapo New Orleans, na huko ndani kulikuwa na bendi. Mwalimu wa bendi ndiye alimfundisha. Mtoto wa mtaa maskini kabisa, mama anahangaika, na chombo alichopewa ni kile kile nilichopewa mimi na kapteni wa kanisa, kimebonyea ubavuni na vali moja inakwama ukiisahau bila mafuta.

Kwa hivyo Gitaa_Kondele mimi sisemi walitoka kwetu wala sisi tulitoka kwao. Tarumbeta pande zote mbili ni chombo cha jeshi na kanisa la mzungu, kikaangukia mikono ya watu walio na huzuni nyingi na ambao kwao hawajui kuzika mtu kimya. Kile mikono ilifanya kinafanana. Kwa mazishi ya shangazi yangu mwaka jana kuna mahali nilipinda noti kidogo kama vile Armstrong anapinda, haikuwa kwa karatasi, ilitoka tu yenyewe. Bendimasta aligeuka akaniangalia, na ubeti uliofuata akaninyoshea mkono nipinde tena.

dada_wa_zamu

Niko Kakamega, mimi ni muuguzi, zamu za usiku. Sijui kodi wala nyuzi nane, kaka zangu mtanisamehe, nitaongea kama msikilizaji.

Asubuhi nikitoka zamu saa mbili siwezi kulala moja kwa moja, mwili umechoka kichwa kinakimbia, hasa kama usiku tumepoteza mtu. Nachemsha chai ya tangawizi naweka Billie Holiday, mwimbaji wa jazz wa Marekani. Sauti yake si kubwa hata kidogo, si ya kuonyesha, na kitu anachofanya ni kuchelewa, ngoma imeshapita hapo na yeye bado anafika polepole na neno lake kama mtu anayepanda ngazi na viatu mkononi asiamshe watoto. Mimi hiyo kuchelewa ndio inaniteremsha mpaka naweza kulala. Kuna zile alizopiga na Lester Young, saksafoni yake na sauti ya Billie zinaongea kama ndugu wawili wamekaa jikoni, hakuna anayemkatiza mwenzake. Yeye alimwita Billie Lady Day na Billie akamwita Prez. Walikufa mwaka mmoja, 1959, Lester mwezi wa tatu na Billie tarehe 17 mwezi wa saba. Na Coltrane naye, kaka wa tuktuk, alikufa tarehe hiyo hiyo 17 mwezi wa saba mwaka 1967, akiwa na miaka 40 peke yake, saratani ya ini. Siku hiyo kila mwaka mimi nasikiliza wote wawili.

Na huyo ndugu yako anayesema haina maneno na haituhusu, mpe Billie. Mwaka 1939 aliimba juu ya watu weusi walionyongwa kwa miti huko kusini mwa Marekani, kampuni yake ya kurekodi iliogopa kuutoa wimbo akaenda kuurekodi kwa kampuni nyingine ndogo. Kisha muulize ndugu yako, si Misiani pia aliwahi kukamatwa na serikali sababu ya nyimbo? Marehemu baba yenu angewaelewa wote wawili kwa kikao kimoja.

Mzee_wa_Santuri

Dada wa Kakamega Mungu akubariki kwa kazi hiyo.

Gitaa_Kondele, kuhusu nyatiti uko sawa kabisa na sina la kuongeza. Lakini kuhusu msitu wa kodi, hapo ngoja kidogo. Miles Davis mwenyewe aliuchoka huo msitu. Mwaka 1959 aliingia studio New York siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, na kikosi ambacho hata leo huwezi kukiamini, Coltrane na Cannonball Adderley kwa saksafoni, Bill Evans kwa piano na Wynton Kelly kwa wimbo mmoja, Paul Chambers besi, Jimmy Cobb ngoma. Bill Evans aliandika kwa jalada kwamba Miles alikuja na michoro tu ya nyimbo, vijana wakapiga bila kuizoea. Na ule wimbo wa kwanza wa santuri iliyotoka hapo, Kind of Blue, chukua gitaa yako sasa hivi uhesabu, una baa 32, yaani vipimo vya mapigo si baa za pombe, baa 16 za kwanza uko mahali pamoja, unapanda nusu hatua baa nane, unarudi ulikotoka baa nane. Basi. Mahali pawili. Nyinyi mna kodi tatu mmewashinda!

Kitu kingine, hizo santuri za 45 zinatudanganya. Upande mmoja ni dakika tatu na kitu, wimbo unakatwa katikati unageuza santuri kusikia sehemu ya pili. Coltrane alikuwa na santuri kubwa, anaweza kupiga upande mzima bila kukatwa. Mimi nilisikia bendi za benga usiku kwa dansi, na dansini wimbo mmoja ulikuwa unaenda mpaka mtu wa solo atosheke.

Gitaa_Kondele

Nimerudi. Sikujibu jana juu tulikuwa na kazi Ahero mpaka asubuhi.

Mkubwa nilifanya vile ulisema. Kabla ya kazi nikamwambia mtu wa besi hebu tukae mahali pamoja baa kumi na sita, tupande nusu, turudi. Mara ya kwanza tulipotea, mkono umezoea kukimbia nyumbani kwa kodi ya kwanza. Mara ya tatu ikakaa. Nikagundua hiyo kitu haikusaidii hata kidogo, huna pa kujificha, lazima uwe na neno la kusema kwa gitaa ama unyamaze. Sasa nimeelewa kwa nini Miles anaacha nafasi nyingi hivyo bila kupiga, nilikuwa nadhani anapumzika.

Na kuna kitu imenijia nikiwa njiani kurudi nikaona niwaambie. Kwa dansi zetu kuna pakruok, mtu anainuka kwa watu anatoa pesa, muziki unashuka chini, anajisifu yeye, anasifu mke wake, anasifu rafiki wa Homa Bay, akimaliza bendi inapanda tena na mwingine anaomba nafasi. Kila mtu anapewa dakika zake za kusema yeye ni nani na bendi iko chini inamshikilia asianguke. Nimewasikiliza akina Coltrane tena leo mchana na hiyo ndio kitu wanafanya, mmoja anasimama, anasema yeye ni nani, anashuka, mwingine anapanda. Pakruok ya vyombo. Bado nasema benga ni ya ziwa. Lakini huyo Paul Chambers angepiga besi kwa bendi yetu na angejua aingie wapi.

tuktuk_nyalenda

Wakubwa erokamano sana. Nimesoma hii mara nne, zingine nimesoma kwa sauti nikiwa steji.

Jumapili nilienda nyumbani Seme na ndugu yangu akiwepo. Sikuanza na maneno. Baada ya chakula niliweka Misiani kwa ile spika ndogo, nyimbo tatu ambazo ziko kwa katoni, ndugu yangu akafurahi akaanza kupiga meza na vidole. Halafu nikaweka Coltrane bila kusema ni nani. Mama alikuwa anachambua dengu, mikono ikasimama. Akasema huyo anapiga orutu. Nikamwambia mama si orutu, ni saksafoni, ni Mmarekani. Akasema najua nasikia nini, hiyo ni orutu, inalia vile orutu inalia mtu akiwa amekufa mbali na nyumbani na mwili haujafika. Kwa wale si wa huku, orutu ina uzi mmoja tu, unavutwa na upinde, na kweli mimi baada ya mama kusema hivyo siwezi tena kumsikia Coltrane bila kusikia huo uzi.

Ndugu yangu hakusema amekubali. Ila aliuliza kama kuna nyingine ya huyo mtu, nikamwekea ile ya Miles ya 1959, akalala kwa kochi nayo, na jioni wakati naondoka akaingia chumba cha baba akatoa katoni mwenyewe akaipakia kwa tuktuk. Nilipofika Nyalenda nimezisimamisha wima vile mzee wa Nakuru alisema, ziko 61. Kuna moja ya Victoria Jazz baba ameandika kwa kalamu pembeni tarehe ya siku mama aliolewa.

Sasa naomba msaada wa mwisho. Gramafoni ya mzee fundi mmoja ameiangalia anasema mota ni nzima, imekufa mshipi na sindano. Mshipi anaweza kutafuta. Sindano hapa mjini nimezunguka nimekosa. Kuna mtu anajua?

Mzee_wa_Santuri

Geuza ile mkono wa sindano chini yake uangalie kama kuna namba imeandikwa, piga picha unitumie. Nina sindano za zamani kama saba hivi kwa droo hapa, nikipata inayoingia nitakuwekea kwa matatu ya Kisumu Ijumaa. Hutanilipa, lakini siku ile ya kwanza ukiiweka ile ya Victoria Jazz yenye kalamu ya mzee nipigie simu uishike karibu na spika nisikie.